Feni ya kadi ya picha ikivuma: shusha wati kwanza, feni iguse mwisho

Wateja wengi wanaoleta kompyuta kwa sababu ya kelele huja na ombi moja: “Fundi, naomba unipunguzie hii feni.” Ombi hilo likitekelezwa kama lilivyosemwa, kompyuta hurudi mezani ikiwa na tatizo kubwa zaidi. Feni inavuma kwa sababu kadi ya picha (GPU), ile inayochora kinachoonekana kwenye skrini, inakula wati, na wati zote hizo huishia kuwa joto. Ukishusha mwendo wa feni na kuziacha wati zilivyo, joto linakosa pa kutokea, chipu inapanda hadi nyuzi 83 na kuendelea, kadi inaanza kujipunguzia kasi, gemu inakwama-kwama, na wakati mwingine inajitoa kabisa. Kazi ya kwanza iko kwenye wati. Feni hushughulikiwa mwisho, na mara nyingi zamu yake ikifika inakuta imeshatulia yenyewe.

Kwetu Tabora kuna mambo mawili ya kuweka akilini kabla ya kuiga vipimo vya mtu wa kwingine. Mji uko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 11 kuliko ya Dar es Salaam. Feni inayozunguka mizunguko ile ile inasukuma hewa nyepesi zaidi, kwa hiyo inabeba joto pungufu. La pili ni msimu. Kadi iliyopangwa usiku wa Julai, chumba kikiwa na nyuzi 18, itakutana na alasiri ya Oktoba ambapo nje ni nyuzi 32 au 33 na chini ya bati lisilo na dari ni zaidi ya hapo. Chumba kikipanda nyuzi 12, kadi nayo hupanda karibu nyuzi hizo hizo 12 kama feni haijaongeza mwendo. Mpangilio unaoitwa mzuri hapa ni ule unaovuka Oktoba.

Pima kabla ya kugusa

Weka HWiNFO au GPU-Z. Zote mbili ni za bure. Fungua gemu, nenda sehemu nzito ambayo utaweza kuirudia baadaye, cheza dakika 20, kisha andika: joto la chipu, joto la sehemu yenye moto zaidi ndani ya chipu (programu huiandika Hot Spot), wati, megahezi (kasi ya chipu), volteji, mizunguko ya feni kwa dakika, na joto la chumba. Kwenye GTA V inatosha kuendesha gari katikati ya jiji mchana. Dakika tano ni chache mno, maana hitisinki (chuma chenye mapezi kinachopoza chipu) na hewa iliyomo ndani ya kasha huchukua muda kufikia joto lake la mwisho.

Angalia tofauti kati ya joto la chipu na Hot Spot. Nyuzi 10 hadi 20 ni kawaida. Ikizidi 30, pesti (ute wa kupitisha joto kutoka kwenye chipu kwenda kwenye hitisinki) imekauka au imesukumwa pembeni, au hitisinki haijalala sawa juu ya chipu, na hapo hakuna mpangilio wa programu utakaosaidia mpaka kadi ifunguliwe. Hali hii hukutwa sana kwenye kadi za mtumba zilizotoka kwenye kazi ya kuchimba sarafu za kidijitali. Ethereum ilipoachana na uchimbaji wa kadi za picha tarehe 15 Septemba 2022, kadi nyingi za aina hiyo zilimwagwa sokoni. Chipu zake mara nyingi bado nzima. Kilichochoka ni feni, pesti na pedi.

Hakikisha pia kelele inatoka kwenye kadi kweli. Kompyuta ikiwa imetulia bila gemu, ingia MSI Afterburner, programu ya kurekebisha mipangilio ya kadi, weka feni ya kadi kwenye asilimia 70 kwa mkono, sikiliza, kisha irudishe 30. Kama sauti haikubadilika sana, anayelalamika ni feni ya prosesa au ya pawa saplai, na maelekezo yanayofuata hayatamtuliza.

Vumbi

Zima kompyuta, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache ili umeme uliobaki umalizike, ndipo utoe kadi. Kiangazi chetu, Mei hadi Oktoba, kina vumbi jembamba linalopita kila tundu. Kwenye kadi ambayo haijafunguliwa muda mrefu, ukitoa fremu ya feni unakuta juu ya mapezi ya hitisinki tabaka la rangi ya udongo lililoshikamana kama kipande cha blanketi. Unalinyanyua kwa kucha pembeni linatoka zima, na chini yake alumini bado inang'aa kama mpya. Tabaka hilo ndilo linalozuia hewa. Ukipuliza bloa kutoka juu bila kutoa feni, halitoki: linabanwa zaidi katikati ya mapezi, na joto baada ya usafi linaweza kuwa lile lile.

Shika mapanga ya feni kwa kidole unapopuliza. Feni ikizungushwa na upepo wa bloa huvuka mwendo ilioundiwa, beringi inaumia, na mota yake inaweza kuzalisha umeme unaorudi kwenye bodi. Kompresa ya gereji usiipeleke karibu na kadi; hewa yake hutoka na maji na mafuta, na mgandamizo wake ni mkubwa mno. Bloa ndogo ya umeme na brashi mpya ya rangi ya inchi moja vinatosha.

Ukifungua hadi kwenye chipu, andaa vitu vyote kabla ya kulegeza skrubu ya kwanza, kwa sababu pesti ya zamani ikishaachana na chipu huwezi kuirudisha ilivyokuwa. Spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70 ina maji ndani yake: inafuta vizuri, ila subiri ikauke kabisa. Isopropili ya asilimia 90 kwenda juu ni bora. Chipu ya kadi haina kifuniko kama cha prosesa, hivyo pesti lazima ifunike uso wote mpaka kwenye pembe nne, kwa tabaka jembamba. Pembe ikibaki kavu, Hot Spot itapanda hata kama joto la kawaida linaonekana zuri. Skrubu nne zenye springi zinazoizunguka chipu zikazwe kwa msalaba, kila moja kidogo kidogo, mpaka zigote.

Pedi za kumbukumbu, yaani vipande laini vinavyopitisha joto kati ya chipu za kumbukumbu za kadi na hitisinki, ndizo zinazoharibu kazi ya mafundi wengi. Unene wake hutofautiana kadi hadi kadi: milimita 1.0, 1.5, 2.0, na hata kadi moja inaweza kuwa na unene tofauti sehemu tofauti. Ukiweka ya 1.5 mahali pa 1.0, hitisinki inanyanyuka kidogo, chipu inakosa mgandamizo, na kadi inachemka zaidi ya ilivyokuja. Kama pedi za zamani hazijachanika wala kukauka na hujapata kipimo sahihi, zirudishe hizo hizo.

Jambo moja la kasha. Fungua ubavu wake, rudia gemu dakika 20. Joto likishuka kwa zaidi ya nyuzi tano, kasha halivuti hewa ya kutosha: ongeza feni ya mbele ya kuingiza, na iliyoko nyuma itoe. Halafu funga ubavu. Kuuacha wazi moja kwa moja, kwa vumbi la hapa, ni kurudi kwenye lile tabaka ndani ya msimu mmoja.

Fremu zisizoonekana

Hatua ya bei rahisi kuliko zote, na isiyoweza kuangusha gemu, ni kufunga idadi ya fremu, yaani kuwekea kikomo picha ambazo kadi inachora kila sekunde. Monita ya hezi 60 inaonyesha fremu 60 kwa sekunde. Kadi ikitengeneza 140, themanini zinatengenezwa bure na joto lake linabaki chumbani. Kwenye kadi za Nvidia ingia Nvidia Control Panel, sehemu ya Manage 3D settings, washa Max Frame Rate, weka 60. Kwenye kadi za AMD kuna Frame Rate Target Control au Radeon Chill ndani ya Adrenalin, programu ya AMD yenyewe. RTSS, inayokuja pamoja na Afterburner, inafanya kazi hiyo kwa kadi zote.

Kufunga fremu hupunguza pia mlio mwembamba kama wa mbu unaotoka kwenye koili za kadi, unaosikika zaidi kwenye menyu za gemu ambako fremu hupanda hadi mamia bila sababu. Menyu za namna hiyo zinaweza kuichemsha kadi kuliko mchezo wenyewe.

Kama gemu yako haifiki 60 hata bila kufungwa, hatua hii haitakupa kitu. Endelea mbele.

Kikomo cha wati

Ndani ya Afterburner kuna kitelezi kilichoandikwa Power Limit. Kishushe hadi 80, bonyeza alama ya tiki, pima tena. RTX 3060 ya kiwandani ina kikomo cha wati 170. Asilimia 80 ni 136. Fremu zinazopotea ni chache kuliko wati zinazookolewa, kwa sababu megahezi za mwisho kabisa ndizo zinazokula umeme mwingi kupita faida yake. Asiyetaka Afterburner anaweza kufungua dirisha la amri kama msimamizi akaandika nvidia-smi -pl 136, ila amri hiyo hufutika kompyuta ikizimwa na kuwashwa. Kwenye kadi nyingi za AMD za RX 6000 kitelezi cha wati kinakubali kushuka kidogo tu. Huko ni afadhali kushusha Max Frequency.

Kikomo cha wati hakisababishi gemu kujitoa, kwa kuwa kadi inabaki kwenye volteji ilizopangiwa kiwandani kwa kila megahezi. Inashuka tu kwenye ngazi ile ile. Mtu ambaye kompyuta yake ni ya kazi, au mzazi anayempangia mtoto na hatakuwepo kuifuatilia, aishie hapa. Wati 34 hizo zikipungua kwa anayecheza kwa muda wa saa nne kila siku ni kama uniti 4 za LUKU kwa mwezi, na chumba nacho kinapoa.

Volteji

Hapa ndipo penye faida kubwa, na ndipo gemu zinapoanzia kujitoa. Umeme unaoliwa na chipu unakwenda na mraba wa volteji. Kutoka volti 1.05 hadi 0.90 ni kushuka kwa asilimia 14 tu, lakini mraba wake unashuka kwa zaidi ya asilimia 26, kabla hata hujahesabu megahezi ulizopunguza. Kadi nzima haitashuka kiasi hicho chote, maana kumbukumbu na vidhibiti vya umeme vina matumizi yake ambayo hujayagusa.

Kiwanda huweka volteji ya ziada kwa sababu ni lazima kila chipu inayouzwa ifanye kazi, pamoja na ile dhaifu. Ziada hiyo ndiyo unayoitafuta, na hakuna chipu mbili zenye ziada sawa. Ndiyo maana namba ya mwenzako, hata kama kadi zenu ni ndugu wa boksi moja, ichukue kama mahali pa kuanzia tu.

Kwa Nvidia kuanzia GTX 1050 na 1060 kwenda juu, fanya hivi. Bonyeza Reset ndani ya Afterburner. Soma kwenye HWiNFO kadi inakimbia wapi ndani ya gemu, tuseme megahezi 1,900 kwa volti 1.04. Shusha Core Clock hadi -250, tiki. Mstari wote wa volteji na megahezi unashuka. Bonyeza Ctrl na F, dirisha la mstari wa volteji na megahezi linafunguka. Tafuta nukta ya milivolti 900, ipandishe hadi megahezi 1,800, tiki tena. Nukta zote za kulia kwake zinapaswa kulala sawa kwenye 1,800. Zikague moja moja hadi mwisho: hata nukta moja ya kulia ikibaki juu ya 1,800, kadi itaipanda hiyo na volteji itarudi juu, nawe utadhani kazi imekwisha kumbe haijaanza. Hifadhi kwenye profaili namba 1. Rudi ndani ya gemu uhakikishe volteji inayosomwa ni 0.90 kweli.

Megahezi 1,800 kwa milivolti 900 ni mwanzo wa upole kwa kadi kama RTX 2060, RTX 3060 na GTX 1660 Super. Nukta zimepangwa kila milivolti 6.25, hivyo kwenye dirisha utaona 900, 893, 887, 881, 875. Shuka nukta mbili kwa mkupuo, pima, shuka tena. Siku gemu ikijitoa, panda nukta tatu kutoka hapo, yaani karibu milivolti 19, na usishuke tena. Kuishi kwenye nukta ya mwisho iliyopona ni kujiandalia matatizo ya Oktoba: chipu yenye joto inahitaji volteji zaidi kidogo kwa megahezi zile zile, na nukta iliyokuwa salama kwenye nyuzi 62 inaweza kushindwa kwenye 76.

Kuna mtego wa upande wa pili ambao watu hawautarajii. Kadi za Nvidia husogeza mstari kulingana na joto, kwa ngazi za megahezi 15 au karibu na hapo. Ukipanga mstari kadi ikiwa ya moto, 1,800 uliyoiona inaweza kuwa 1,815 au 1,830 asubuhi kadi ikiwa ya baridi, kwa volteji ile ile. Gemu inajitoa dakika ya kwanza, kisha ukiifungua tena inacheza jioni nzima bila shida. Panga mstari kadi ikiwa imepoa, na majaribio yako yawe na asubuhi ya baridi na alasiri ya joto.

Kwa kadi za AMD RX 570 na 580, Adrenalin inakuonyesha ngazi za megahezi na volteji za kila ngazi. Ngazi ya juu ya 580 mara nyingi iko karibu na megahezi 1,340 kwa milivolti 1,150. Anzia 1,300 kwa 1,100, kisha shuka 25 kwa kila jaribio. Volteji iliyoandikwa upande wa kumbukumbu inafanya kazi kama sakafu ya volteji ya chipu: ukiiacha juu, chipu haitashuka chini yake hata uandike nini kwenye ngazi zake, kwa hiyo iangalie nayo. Kwenye RX 6600 na wenzake kitelezi ni kimoja; shusha kutoka 1,150 kwa hatua za 25.

Kumbukumbu usiipandishe kasi wakati unapima volteji. Ukibadilisha viwili kwa pamoja, gemu ikijitoa hutajua mwenye kosa.

Majaribio yenyewe: dakika 30 za Unigine Heaven au Superposition, programu za kupimia kadi, huondoa mipangilio mibovu kabisa, lakini hazitoshi kuipitisha iliyo nzuri. Gemu hujitoa zaidi kadi inapobadilisha mzigo ghafla, yaani skrini ya kupakia inapoisha, ramani inapofunguliwa, unapotoka kwenda kwenye dirisha jingine na kurudi. Kwa hiyo pakia upya mara nyingi, toka, rudi, fungua ramani. Gemu zenye ray tracing (uchoraji mzito wa mwanga na vivuli) hukamata udhaifu ambao Heaven haiuoni. Kama unayo hata moja, itumie kupimia hata kama huipendi.

Alama ya Windows ndani ya Afterburner, inayoweka mpangilio kila kompyuta inapowaka, isubiri mpaka umemaliza siku kadhaa za mchezo wa kawaida bila tatizo. Ukiiwasha mapema na mpangilio ukawa mbovu, kompyuta inaweza kuganda kila inapowaka, na utalazimika kuingia Safe Mode kuiondoa.

Gemu ikijitoa, soma dalili

Watu hurudisha kila kitu kiwandani kwa sababu ya kosa ambalo halikutoka kwenye kadi. Fungua Event Viewer (daftari la matukio la Windows), Windows Logs, System, uangalie dakika ile ile ya tukio.

Skrini ikizimika sekunde mbili tatu, gemu ikatoka, Windows ikabaki hai, na ukakuta tukio namba 4101 lenye jina nvlddmkm, au amdkmdag kwa AMD, hiyo ni draiva, yaani programu inayoendesha kadi, iliyoacha kujibu. Windows huisubiri kadi sekunde 2, kisha huianzisha upya. Ukiwa umeshusha volteji, mshukiwa wa kwanza ni hiyo: ongeza milivolti 12 hadi 25 kwa megahezi zile zile, au shusha megahezi 15 hadi 30 kwa volteji ile ile.

Kompyuta nzima ikikatika au kujiwasha upya, na ulichokuta ni Kernel-Power 41 peke yake, geukia umeme. Tukio 41 linasema tu kwamba kompyuta ilizimika bila kuaga. Inaweza kuwa pawa saplai iliyoandikwa wati 500 bila uwezo huo, au waya mmoja uliogawanywa kulisha soketi mbili za kadi wakati kila soketi inahitaji waya wake. Soketi ya pini 6 imepangiwa wati 75, ya pini 8 wati 150, na sloti yenyewe 75. Inaweza pia kuwa umeme wa ukutani kushuka jioni. Ukiona taa zinafifia muda ule ule gemu inapokatika, stabilaiza itakusaidia kuliko milivolti zozote. Kwenye kompyuta za ofisi za mtumba kama Dell OptiPlex 9020 ndogo, pawa saplai ni ya wati 255. Kadi ya kuweka humo ni ile ya wati 75 isiyohitaji waya, mfano GTX 1050 Ti au 1650 yenye sifa hiyo, iliyo fupi kwa kimo (low profile).

Vidoti vya rangi, pembetatu zinazovutika hadi ukingoni mwa skrini, au kuta zinazomeremeta ovyo mara nyingi hutoka kwenye kumbukumbu ya kadi. Rudisha kasi yake kiwandani, angalia pedi. Dalili ikibaki hata kwenye mpangilio wa kiwandani na joto dogo, kumbukumbu yenyewe inakufa.

Gemu ikikwama-kwama bila kujitoa, fungua GPU-Z usome PerfCap Reason. Thrm ni joto, Pwr ni kikomo cha wati, VRel ni ukomo wa volteji. Pwr baada ya kushusha Power Limit ni jambo la kutarajiwa, usihangaike nayo. Thrm ndiyo ya kurudi nayo kwenye vumbi na pesti.

Na kama gemu moja tu inajitoa, nyingine zote nzima, hakuna 4101, bonyeza Reset ndani ya Afterburner na uicheze kiwandani. Ikijitoa tena, tatizo liko kwenye faili za gemu au kwenye RAM, hasa RAM iliyowashiwa XMP (mpangilio wa kuiongezea kasi).

Sasa feni

Ukifika hapa kadi inakula wati chache na feni imeshapungua yenyewe. Kilichobaki ni kuondoa kupanda na kushuka kwa sauti, ambako sikio hukuchukia kuliko mvumo wa kudumu. Ndani ya Afterburner, Settings, Fan, washa mpangilio wa mkono. Mstari unaofaa nyumba nyingi za hapa: asilimia 30 mpaka nyuzi 50, 45 kwenye nyuzi 65, 60 kwenye 75, 85 kwenye 82, na 100 kwenye 88. Sehemu mbili za juu zisiguswe hata ukichukia kelele kiasi gani; hizo ni za alasiri ya Oktoba. Temperature hysteresis iwe nyuzi 5, ili feni isibadilike kila joto linapocheza kwa nyuzi moja. Mwendo wa feni ukipungua kwa asilimia 20, sauti hushuka kwa karibu desibeli 5, na hiyo inasikika wazi.

Feni nyingi hazianzi kuzunguka chini ya asilimia 25 au 30, kwa hiyo usiweke 15 ukitegemea utulivu. Utapata feni inayojaribu kuanza na kushindwa. Na kama kadi yako ina tabia ya kuzima feni kabisa ikiwa ya baridi, chumba cha Oktoba kitaifanya iwashe na kuzima mfululizo. Kwenye Adrenalin zima Zero RPM, kwenye Nvidia weka mstari wako uanze na 30.

Sauti ya kukwaruza au kugonga haitibiwi na programu. Hiyo ni beringi. Toa stika ya katikati ya feni, kama chini yake kuna tundu weka tone moja la oil ya cherehani, rudisha stika. Ikitulia, una muda wa kutafuta feni mpya ya kipenyo hicho hicho na soketi ya pini zile zile. Ikirudi kukwaruza, ibadilishe, kwa sababu feni iliyokwama kwenye kadi yenye feni mbili humwachia mwenzake kazi yote, na Afterburner inaweza kuendelea kuonyesha asilimia 60 kana kwamba zote ni nzima. Angalia mizunguko kwa dakika, siyo asilimia.

Kila unapoweka draiva mpya, fungua Afterburner uhakikishe profaili bado ipo na nukta zimekaa mahali pake, kwani mara nyingine mstari husogea. Andika kwenye karatasi megahezi, milivolti, kikomo cha wati na joto la chumba siku ulipopima, uibandike ndani ya ubavu wa kasha. Fundi atakayefungua kompyuta hiyo baadaye atajua volteji ilishushwa, na hataanza kubadilisha RAM na pawa saplai kutafuta kosa ambalo angelimaliza kwa kuongeza nukta mbili.